Nilipopotea Katika Nchi ya Mwanangu



Nikiwa katibu wa kamati ya msikiti wetu hapa Dar es Salaam, mara nyingi wazazi hunijia wakilalamikia simu za watoto wao. Jibu langu lilikuwa moja: wanyang'anyeni. Mwezi uliopita jibu hilo lilinirudia nyumbani. Mwanangu wa miaka 13 alianza kuikosa jamaa ya Magharibi, kisha akawa mkimya, hata chakula akawa anakigusa tu. Mama yake akaniambia, "Kabla hujamnyang'anya simu, muulize kwanza huwa anakwenda wapi."

Nilimuuliza. Akanionyesha mchezo uitwao Old School RuneScape, uliotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, na ambao tangu 2018 unachezwa hata kwenye simu. Ndani yake mna nchi nzima ya kubuni, yenye miji, misitu na jangwa, na watu wa pande nyingi za dunia hukutana humo kwa wakati mmoja. Nikamwomba aniwekee katika simu yangu, nikaingia.

Mgeni akishahitimu katika kisiwa cha mafunzo huanzia Lumbridge, mji mdogo wenye ngome kando ya mto. Humo mna kanisa lenye madhabahu ya mungu wa kubuni. Nilipita mbali nayo. Pembeni mwa kioo mna ramani ndogo ya duara na dira yake. Nikajisemea kuwa sisi wa Dar es Salaam kibla chetu ni kaskazini, basi upande huo hautanipotea. Nikashika njia, nikaufikia mji mkubwa wa Varrock, nikaupita, hata nikafika kwenye handaki refu.

"Baba, simama!" Mwanangu, niliyedhani anasoma, alinishika mkono. "Ng'ambo ya hapo ni Wilderness. Huko mchezaji mwenzako anaweza kukuua, ukapoteza karibu vyote ulivyobeba."

"Umejuaje?"

Alinyamaza kitambo. Kisha akanieleza kwamba mtu asiyemjua alimwita rafiki, akamwahidi zawadi, akamvusha handaki, na huko wenzake walikuwa wakimsubiri. Mali aliyoikusanya kwa miezi ilitoweka kwa dakika moja. Saa za Magharibi alikuwa akihangaika kuirudisha.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ungechukua simu."

Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Ndugu wasomaji, mali ile ilikuwa ya kubuni. Lakini mtu anayemwita mtoto rafiki, akamwahidi zawadi, kisha akampeleka pasipo macho ya wakubwa, si wa kubuni. Yupo mitaani mwetu pia, na huku hakuna handaki la kumwonya mtoto. Mtoto anayemficha baba yake hasara ndogo kwa woga, atamficha na iliyo kubwa. Mimi niliyekuwa nikiwashauri wengine ndiye niliyemfundisha mwanangu kunificha.

Tumekubaliana. Simu huwekwa sebuleni kabla ya kila adhana. Madhabahu za mchezo huo hatuzigusi. Akiitwa na asiyemjua, aniambie. Nami nimeahidi kusikiliza kwanza, kisha ndipo nihukumu.

Usiku ule aliwasha simu yake, akaja kunichukua pale handakini. Tulirudi Lumbridge kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, akinionyesha daraja la kuvuka na njia ya kuepuka. Nilikumbuka kisa cha Nabii Musa (A.S.) tunachokisoma kila Ijumaa katika Suratul-Kahf, alivyomfuata mja mwema ili ajifunze, na jinsi subira ilivyokuwa ngumu. Mara tatu nilitaka kumkatiza mwanangu. Mara tatu nilijizuia.

Adhana ya Isha ilipotoka, aliizima simu mwenyewe, akaniuliza kama nimeshatia udhu.

Nilikuwa sijatia.