Nani Aliyekuwa Akiunguza Chipu Zetu?

Huku kwetu Kericho na Bomet kitu cha umeme kikiungua, wa kwanza kulaumiwa ni radi. Si ajabu, maana milima yetu ya majani chai inasifika kwa ngurumo na mvua ya mawe. Basi mikrokontrola ya kwanza ya Chama cha Sayansi ilipoungua, kila mtu alisema, "Ni radi tu hiyo." Ya pili ikaungua mchana wa jua kali. Ya tatu nayo ikafuata. Radi gani hiyo isiyo na wingu?

Majani chai yakitoka shambani huwa na maji kama asilimia 75 hadi 80, na kiwandani hunyaushwa kwa hewa kabla ya kusagwa. Waliotutangulia shuleni waliunda kibao cha saketi cha kupima unyevu wa hewa hiyo na kuwasha feni ya volti 12. Ubongo wake ni chipu ya ATmega32U4, inayozungumza na tarakilishi moja kwa moja kupitia USB. Sisi tulikirithi. Mashindano ya sayansi yalikuwa yamebaki siku tisa, na chipu tuliyobaki nayo ni moja.

Fundi wa simu mjini, aliyekuwa akitubadilishia kwa mashine yake ya hewa moto, alichoka nasi. "Kijana, hii mtaniletea mpaka lini? Tafuteni kinachoua kwanza."

Nikachukua daftari, nikaandika kila chipu iliungua lini na nini kilikuwa kimewashwa. Wenzangu walishuku feni, lakini dayodi inayozuia mshtuko wa mota ilikuwa nzima. Daftari likafichua jambo: zote tatu ziliungua papo hapo tulipochomeka USB, huku kipakatalishi kikiwa kwenye chaja. Kilipotumia betri, hakuna iliyoungua.

Nikaweka multimita kati ya chuma cha plagi ya USB na hasi ya saplai ya feni. Wee! Volti 94!

Mwalimu wa Fizikia alituchorea ubaoni. Chaja ile ina pini mbili, haina waya wa ardhini. Ndani mna kapasita inayovujisha umeme kidogo mno kutoka volti 240 za ukutani, kwa hivyo kipakatalishi chote huelea juu. Saplai ya feni, tuliyotoa kwenye tarakilishi kuukuu, hasi yake imeungwa na ardhi. Vikikutana, tofauti hiyo hutafuta njia. Plagi halisi ya USB ina pini za umeme ndefu kuliko za data, ili hasi iguse kwanza. Kibao chetu kilikuwa na pini nne za urefu mmoja, yoyote ingeweza kutangulia. Ya data ikitangulia, njia ni chipu.

Fundi alitulehemia tundu halisi la USB. Siku ya mashindano nilichomeka na kuchomoa mara nyingi, feni ikazunguka. Chipu ya nne ingali hai kabatini mwa maabara, na kwenye chaja tumebandika karatasi: NITOE UKUTANI KWANZA.