Baka la Shavuni

Wahenga walinena kwamba kizuri hakikosi ila. Methali hii twaijua sote tangu utotoni, lakini mimi niliifahamu barabara niliposoma hadithi fupi ya Kimarekani iitwayo "The Birth-Mark", yaani baka la kuzaliwa, iliyotungwa na Nathaniel Hawthorne na kupigwa chapa mwaka 1843.

Hadithi yenyewe ni hii. Palikuwa na mtaalamu mmoja wa sayansi, jina lake Aylmer, aliyemwoa mwanamke mzuri sana aitwaye Georgiana. Mwanamke huyu alikuwa na baka dogo jekundu katika shavu la kushoto, mfano wa mkono mdogo mno. Akiona haya na uso kuiva, baka halionekani. Akipauka kwa hofu, lajitokeza. Mumewe hakuweza kulivumilia. Akafanya kazi katika maabara yake mpaka akapata dawa ya kulifuta. Georgiana akainywa, baka likafifia, likatoweka, na roho yake ikatoka pamoja nalo.

Wengi hufasiri kwamba baka lile ni alama ya ubinadamu, kwani hapana kiumbe asiye na upungufu wala atakayeepuka mauti. Ndivyo ilivyo. Aylmer mwenyewe aliota kwamba analikata, na kila alipozidi kukata, mkono ule ulizidi kuzama, hata ukaushika moyo wa mkewe. Ila na uhai vilikuwa na mzizi mmoja.

Basi, ndugu wasomaji, kwetu Rumonge jambo hili si la vitabuni tu. Ukipita sokoni, ukaacha nyuma yako mawese na mikeke, utaona vikopo vya mafuta ya kujichubua. Baadhi ya mafuta hayo yana zebaki, ambayo hudhuru figo. Mengine yana haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu yaweza kuleta weusi mbaya kuliko ule uliokusudiwa kuondolewa.

Dada yangu ana baka jeusi shavuni, tangu kuzaliwa. Mwaka jana alipoposwa, shangazi ya mchumba wake alileta salamu njema pamoja na kikopo kimoja, akasema kwamba arusi ni picha, na picha hudumu. Dada alikipokea kwa adabu akakiweka juu ya kabati. Kikakaa hapo siku nyingi, naye kila asubuhi akikitazama.

Siku moja tulipokuwa tukianika ndagala ufukoni nikamsimulia hadithi ya Georgiana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mdogo wangu, huyo mwanamke alilichukia baka lake kabla ya kuolewa?"

Nikamjibu kwamba la. Alidhani ni urembo, kwa kuwa wengi walimwambia hivyo.

"Basi ugonjwa haukuwa shavuni," akasema. "Uliingia kwa sikio."

Nilikirudia kitabu, nikaona kweli. Mume alianza kulichukia baka, lakini mwishowe mke alilichukia kuliko yeye. Tena yumo Aminadab, mtumishi aliyejaa masizi ya tanuri, ambaye alinong'ona kwamba angekuwa yeye ndiye mume, asingeliondoa kamwe. Huyu mchafu wa mwili aliona vema. Bwana wake mwenye elimu hakuona. Na daftari la majaribio ya Aylmer lilijaa kazi zilizopungukiwa na lengo lake, lakini hayo hayakumkosesha usingizi kama shavu la mkewe. Nyani haoni kundule. Kwa hiyo nadhani mwandishi aliweka ila ndogo usoni mwa mke ili tuione ile kubwa iliyofichika moyoni mwa mume.

Dada alikirudisha kikopo. Alimwambia aliyetumwa, "Mpe shangazi shukrani zangu. Lakini kama shavu ndilo linaloolewa, na liposwe peke yake."

Mpaka leo niandikapo, mahari haijaletwa wala posa haijavunjwa. Mama hana raha, na majirani wanasema yao. Dada anakwenda ufukoni kama kawaida, uso wazi.

Wenzangu, nasi shuleni tuna majina ya kuitana: Kengeza, Kigugumizi, Mguu Mmoja. Twacheka, kisha twasahau. Aliyeitwa hasahau. Tuyaache, maana neno huingia upesi, na dawa ya kulitoa hata Aylmer hakuwa nayo.