Kabla Vidole vya Mjomba Havijanyamaza

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu huitumia methali hii tunapozungumzia duka, shamba au chama cha akina mama. Ni nadra kuisikia ikitajwa kuhusu nyimbo. Hata hivyo, katika jamaa nyingi za mitaa hii yetu ya Eastlands mna mzee ambaye zamani alikuwa mpigaji gitaa, na ambaye akifurahi huimba wimbo ambao haujaandikwa popote wala kunaswa na chombo chochote. Siku atakapotutoka, mali hiyo itakwenda naye, na hakuna atakayejua ni kiasi gani kilichopotea.

Mimi ninaye mzee wa namna hiyo. Ni mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama, na tunaishi naye hapa Kiamaiko tangu viungo vya mikono vilipoanza kumsumbua. Vidole vyake vimevimba kwa baridi yabisi. Asubuhi hawezi kufunga vifungo vya shati lake. Lakini jua likishapanda na vidole vikapata joto, huweza kupiga gitaa kwa muda wa nusu saa hivi. Miaka miwili iliyopita alikuwa akipiga saa nzima. Hesabu hiyo, msomaji mpendwa, ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mtindo wake ni ule wa Magharibi mwa Kenya uitwao omutibo, ambao George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963, aliufanya ujulikane kote nchini. Kidole gumba hutembea kwenye nyuzi nene bila kupumzika, nacho kidole cha shahada huchezea zile nyembamba, hata msikilizaji akadhani kuna wapigaji wawili. Kando yake rafiki hukwaruza na kugongagonga chupa ya Fanta. Basi, huo ndio muziki wote: gitaa kavu moja, sauti na chupa.

Nilipomweleza Mjomba kwamba nataka tumrekodi nyumbani, alikataa katakata. Alikuwa na sababu. Ujanani mwake alikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa River Road, ambaye hapana haja ya kumtaja, akaimba nyimbo mbili, akalipwa mara moja na kuambiwa arudi kuchukua santuri zake. Aliporudi aliambiwa zimekwisha. Hadi leo hana hata moja. “Mpwa wangu,” akaniambia, “mashine ilishakula sauti yangu mara moja. Mara ya pili hailambi.”

Kizuizi cha pili kilikuwa mama watoto. Kipakatalishi kilichopo nyumbani ni cha binti yetu, mwanafunzi wa chuo, na tulikinunua kwa kujinyima. “Mtihani ukifika na mmekiharibu kwa magitaa yenu, mtamwambia nini mwalimu wake?” akauliza. Tulikubaliana mambo mawili: kazi ya shule ihifadhiwe kwanza pahali pengine, na atakayekishika awe ni mwenyewe binti, wala si mimi.

Hebu sasa niwaeleze vijana na wazazi jinsi tulivyofanya, maana wengi hudhani kazi hii haiwezekani bila studio yenye ukuta wa sifongo na meza yenye vifungo mia moja. La hasha. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji wa Kongo ambao leo huitwa Likasi, na wimbo wake “Masanga” ukawa mfano kwa wapigaji gitaa wa Afrika nzima. Lilikuwa gitaa moja mbele ya mtambo wa kusafirishwa. Huko Marekani, mwaka wa 1982, Bruce Springsteen alitoa albamu iitwayo Nebraska aliyoirekodi nyumbani kwake kwa mashine ndogo ya kaseti yenye njia nne za sauti. Nao Beatles walitengeneza Sgt. Pepper ya mwaka wa 1967 kwa mitambo ya njia nne nne. Kipakatalishi cha mwanafunzi, hata kile kilichotumika miaka mingi, kina njia nyingi kuliko hizo.

Kwanza ni programu. Tulichagua Audacity, ambayo ilianza kutolewa mwaka wa 2000, haina malipo na haihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Ukishaiweka, hutahitaji intaneti tena kuitumia.

Pili ni mlango wa kuingizia sauti, na hapa ndipo wengi hukwama. Maikrofoni iliyomo ndani ya kipakatalishi iliwekwa kwa ajili ya mazungumzo. Iko karibu na feni, na mara nyingi kompyuta yenyewe huichuja sauti ili maneno yasikike, ikikata mlio wa gitaa kama kwamba ni kelele. Tundu la pembeni nalo limetengenezewa maikrofoni ndogo za kuvaa kichwani. Ukichomeka gitaa la umeme moja kwa moja humo, utapata sauti hafifu iliyofifia, kwa kuwa sumaku za gitaa hutoa umeme mdogo sana na hutaka tundu lenye ukinzani mkubwa. Dawa ni kile kijisanduku ambacho mafundi hukiita kadi ya sauti ya nje. Huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, na huwa na tundu la gitaa na la maikrofoni. Chetu ni cha mtumba, na hakikuzidi bei ya mbuzi mmoja wa wastani hapa sokoni kwetu. Ukiwa na gitaa la umeme, kijisanduku na waya vyatosha. Gitaa la Mjomba ni kavu, kwa hiyo tuliazima maikrofoni kwa jirani anayeimba kanisani.

Tatu ni mahali pa kuiweka maikrofoni. Wengi huielekeza kwenye lile tundu kubwa la gitaa, kumbe humo sauti hutoka ikivuma kama pipa. Ielekeze pale shingo inapokutana na mwili wa gitaa, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Kwa kuwa Mjomba anaimba huku akipiga, na maikrofoni ni moja, tuliiinua kidogo na kuirudisha nyuma, tukawa tunarekodi nusu dakika, tunasikiliza, tunaisogeza, mpaka sauti na nyuzi zikawa sawa. Dakika kumi za kusogeza maikrofoni huokoa saa tatu za kuhangaika na kompyuta baadaye.

Nne ni kiwango. Katika programu kuna ufito unaopanda na kushuka kwa kufuata sauti. Hakikisha kilele chake kinafika kwenye desibeli 12 hivi chini ya sifuri. Ikigusa sifuri, sauti hupasuka, na hakuna fundi awezaye kuiponya kikamilifu. Iliyo chini kidogo waweza kuipandisha baadaye.

Tano ni kelele, na anayeijua Kiamaiko ameshaanza kucheka. Huu ni mtaa wa mbuzi. Malori huwaleta kutoka kaskazini mwa nchi, wakauzwa na kuchinjwa papa hapa, na nyama ikasambazwa jijini. Kuna mlio wa mbuzi, honi za bodaboda, makanga wa matatu, redio ya jirani wa chini na watoto wa jirani wa juu. Tulichunguza siku nzima kwa wiki mbili, tukagundua kwamba kati ya saa nane na saa tisa mchana mambo hutulia. Shughuli kubwa ya soko imekwisha, adhana ya adhuhuri imepita na ya alasiri haijafika. Tena ndiyo saa ambayo vidole vya Mjomba vimepata joto. Ikawa ndiyo saa yetu.

Chumba tulikituliza kwa blanketi mbili zilizotundikwa kwenye kamba ya nguo nyuma ya Mjomba, na godoro lililosimamishwa mlangoni. Sauti hugonga ukuta wa saruji na kurudi. Kitambaa kizito huimeza. Kisha tukachomoa chaja. Umeme wa hapa kwetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na mara nyingi mngurumo wake huingia katika rekodi kupitia kwenye chaja. Uzi mnene kabisa wa gitaa hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kichujio chaweza kukata kile kilicho chini ya hapo bila kuudhuru muziki. Lakini mngurumo huo una vitukuu vyake, mitetemo 100 na 150, ambavyo hukaa katikati ya muziki na having’oki kirahisi. Ni heri kuuzuia kuliko kuutibu. Wakaaji wa mitaa inayokatikiwa stima mara kwa mara wana faida hapa: betri ikijaa, kazi inaendelea, tena sauti huwa safi zaidi.

Kabla ya kila wimbo, binti yangu aliomba kimya cha sekunde kumi huku mashine ikinasa. Kimya hicho hakikuwa cha bure. Programu hukitumia kuijua kelele ya chumba, kisha ikaipunguza katika wimbo mzima. Itumike kwa kiasi, kwani ukizidisha, gitaa husikika kama lililozama majini.

Chupa ya Fanta niliigonga mimi, siku nyingine, katika njia ya pili, nikimsikiliza Mjomba kwa hedifoni ili sauti yake isiingie tena kwenye maikrofoni. Zingatia jambo moja. Kompyuta huchelewa kidogo kupokea sauti, na njia ya pili huweza kubaki nyuma ya ile ya kwanza. Piga makofi kwa kufuata mdundo, tazama pengo lililopo katika picha ya sauti, kisha uirekebishe katika mipangilio ya programu. Ukishaipata, unaiacha hivyo.

Lakini nimetangulia mbele. Sijaeleza Mjomba alivyokubali.

Si mimi niliyemshawishi. Ni binti yangu. Alichukua daftari lake la mazoezi, akapiga mistari, akaandika: jina la wimbo, aliyeutunga, anayeimba, tarehe na mahali. Kisha akamweka chini mzee na kumweleza kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, mtunzi ana haki juu ya wimbo wake maisha yake yote, na warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Akamwonyesha flashi mpya, ndogo kuliko kidole. “Babu, kila tukimaliza wimbo nitautia humu, na humu ni mwako. Ukisema nifute, nitafuta mbele yako.” Mzee akaigeuzageuza ile flashi. Akauliza ni nyimbo ngapi zinaingia humo. Binti akapiga hesabu: wimbo wa dakika nne, kwa faili isiyobanwa ya njia moja na biti 16, huchukua megabaiti 20 hivi, kwa hiyo mamia. Mzee akasema, “Zangu ni kumi na moja tu.” Akaomba gitaa lake.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akijua kwamba ni kumi na moja.

Wimbo wa tatu kuurekodi ndio alioutunga mama yangu alipoolewa. Nilikuwa nimesikia kipande chake tangu utotoni, ule ubeti wa kwanza ambao hupigwa arusini. Sikujua kwamba una beti tano, wala kwamba katika ule wa nne anataja majina ya watu wa boma lile, mmoja mmoja, pamoja na nyanya yangu ambaye hatuna picha yake hata moja. Binti yangu alikuwa amevaa hedifoni, macho kwenye ule ufito wa kijani. Jina la nyanya lilipotajwa alinitazama, nami nikatikisa kichwa kumaanisha ndiyo, ndiye. Hatukusema neno, kwa kuwa mashine ilikuwa inanasa.

Kila faili tuliihifadhi katika hali isiyobanwa, ile ya WAV, kisha tukatoa nakala ya MP3 ya kutuma kwa simu kwa jamaa. Nakala kamili ziko mahali patatu: kwenye kipakatalishi, kwenye flashi ya Mjomba na kwenye flashi nyingine iliyo kwa shangazi kijijini. Nyumba ya jiji yaweza kushika moto au kuibiwa. Jivu halina kumbukumbu.

Wazazi wenzangu, msiwakemee watoto kila mnapowaona na kipakatalishi na vitu visivyo vya mtihani. Wapeni kazi nacho. Nanyi wanafunzi, kabla ya kuazima mdundo wa ng’ambo, waulizeni wazee walio sebuleni walikuwa wakipiga nini. Huenda mkakuta mna nyumbani kitu ambacho hakipatikani katika mtandao wowote duniani. Msingojee maikrofoni bora, wala chumba kilicho kimya. Mzee hangoji.

Hadi sasa tumerekodi nyimbo saba kati ya zile kumi na moja. Zimesalia nne, na nusu saa ya Mjomba imekuwa dakika ishirini. Ndiyo maana Jumapili saa nane mchana, ukipita kwetu ukabisha hodi na usiitikiwe, usidhani tumetoka.