Theluji, Nauli, na Ufunguo wa Chuo

Jamaa zetu walioko nyumbani, kila wakitupigia simu katika miezi ya baridi, hutuuliza habari za theluji kama waulizavyo habari za arusi. Huiona katika picha, nyeupe na safi, watoto wakiichezea. Basi leo nataka kuwahadithia wasomaji theluji ya siku moja tu, Jumatatu tarehe 12 Desemba 2022, hapa London, na yaliyonipata siku hiyo ndani ya treni.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Nalisoma Kurani kwa maalim wetu kule Wete, na skuli sikuvuka ile ya msingi. Hapa nafundisha watoto wa jamaa zetu wakati wa jioni, katika chumba cha kukodi kilicho juu ya duka la chipsi. Kwangu ni mbali na chuo, maana karibu na chuo kodi za nyumba hazishikiki, na kwa hiyo kila siku ya kusomesha hapana budi nipande treni ya chini ya ardhi.

Nauli ya treni hizi ina hesabu yake. Mji umegawanywa kwa miviringo, wa kwanza ukiwa katikati ya mji, na kadiri unavyovuka miviringo ndivyo nauli inavyozidi. Tena ziko saa za msongamano: siku za kazi, tangu saa kumi ya jioni hata saa moja ya usiku, nauli hupanda. Sasa katika mwezi wa Desemba jua la huku huchwa kabla ya saa kumi kwa dakika chache. (Msomaji wa Pwani asidhani nimekosea. Magharibi ni saa kumi kasoro!) Nikitoka mapema napata nauli ndogo, lakini Magharibi hunikuta njiani nimebanwa baina ya mabega ya watu. Nikisali kwanza nyumbani, nafika kituoni saa kumi imekwisha pita, na kilango hunitoza ile nauli kubwa. Nimechagua kusali kwanza wala sijuti, walakini sitasema uongo: kila kilango kinapolia, hesabu ile huifanya moyoni. Mkaazi wa mji aliyetimiza miaka 60 hupata kadi ya kusafiria bure tangu saa tatu ya asubuhi. Siku ile mimi nalikuwa na miaka 55, nami huihesabu iliyosalia kama mtoto ahesabuvyo siku za Idi.

Usiku wa kuamkia Jumatatu hiyo theluji ilianguka sana, na asubuhi kukawa na baridi ya kuganda. Mtu aweza kuuliza, treni ya chini ya ardhi inahusu nini na theluji? Nami nalijiuliza hivyo hivyo nilipofika mjini huku. Jina humdanganya mgeni. Reli hii ni ya kwanza ya namna yake duniani, sehemu yake ya mwanzo ilifunguliwa Januari 1863. Lakini zaidi ya nusu ya njia zake hazimo handakini hata kidogo, bali ziko juu, wazi kwa mvua na upepo. Iko njia moja, iitwayo Victoria, ambayo abiria wake hukaa handakini tangu mwanzo wa safari hata mwisho. Nyingi katika zilizobaki hutokeza nje zikifika pembeni mwa mji. Na umeme wa treni hupita katika reli mbili za ziada, moja kandoni na moja katikati, na gari huupokea kwa chuma kinachogusa reli hizo. Barafu ikizifunika, umeme haupiti sawasawa. Na vile vyuma vya kugeuzia njia navyo huganda. Tarehe 2 Februari 2009 ilianguka theluji ambayo mfano wake haukuonekana kusini-mashariki mwa Uingereza kwa muda wa miaka 18, hata mabasi yote ya mji yakaondolewa barabarani. Kwa hiyo, atakaye kulaumu na alaumu, lakini ajue kwanza analaumu nini.

Haya nayajua leo. Siku ile sikuwa na insafu hiyo.

Nalingoja kituoni nusu saa, na ubao ukiandika kwamba treni yaja baada ya dakika mbili, kisha dakika sita, kisha dakika mbili tena. Ilipokuja tuliingia kwa kusukumana. Tulipotoka nje ya handaki, baina ya kituo na kituo, ikasimama. Dereva akatuomba radhi katika kipaza sauti. Baada ya kitambo akatuomba radhi tena. Watu wa mji huu hawasemezani ndani ya treni, lakini treni ikiharibika huwa ndugu: mama mmoja akagawa biskuti, na mzee mmoja wa Kiingereza akanambia kwamba katika maisha yake yote hajapata kuona nauli ikishuka. Mimi nalikuwa nachemka. Nalijisemea: wanatoza nauli ya saa za msongamano, kisha hawakufikishi popote! Nikaitunga barua nzima ya malalamiko kichwani, maneno yake makali, nikairudia ili nisiisahau. Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Simu yangu ilikuwa imezimika.

Nilipotoka mwisho wa safari, kilango kikanitoza fedha nyingi kuliko desturi. Baadaye ndipo nilipojua sababu. Upo muda uliowekwa kwa kila safari, na mtu akikaa ndani kuuzidi, mashine humhesabu kana kwamba amefanya safari mbili zisizokamilika, ikamtoza kwa kila moja nauli ya juu kabisa. Yaani wao wamenichelewesha, na mimi ndiye niliyelipa kwa kuchelewa! Wallahi, damu ilinipanda.

Saa ilikuwa kumi na mbili na nusu. Masomo yetu huanza saa kumi na moja. Nalikwenda mbio juu ya barafu, nikateleza mara mbili, na kwa mbali nikawaona. Watoto saba wamesimama chini ya kibaraza cha duka la chipsi, na pamoja nao mama mmoja, amemfunika binti mdogo wa miaka sita kwa upande wa koti lake. Wazee wengine hushusha watoto wao na kwenda zao kazini, wakijua kwamba maalim yupo. Mwenye duka alikuwa akiwaingiza ndani kupota joto, kisha wateja wakijaa hutoka nje kidogo. Saa moja na nusu wamo katika hali hiyo.

Yule mama akanamkia vizuri. "Shikamoo, maalim. Pole kwa safari." Nikaanza kumweleza habari za treni, za barafu, za nauli. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa upole, "Maalim, tulizungumza habari ya ufunguo wa pili tangu Ramadhani."

Ni kweli tulizungumza. Ufunguo wa chumba ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mfukoni mwangu. Aliniomba nichonge mwingine apewe mzazi akaaye karibu, na mimi nikajibu inshallah, ile inshallah yetu ya kuahirisha mambo. Kuchonga ufunguo hakuzidi dakika tano.

Tulisoma nusu saa tu. Watoto walikuwa katika Suratul Mutaffifin, sura ya 83, inayowakemea wale wanaodai kipimo kamili wakipokea na kupunguza wakitoa. Sikuwaeleza maana yake siku ile. Nilisikiliza hifdhi yao, vidole vyao vikiwa vyekundu kwa baridi, wala sikuweza kuwatazama sana.

Barua niliiandika juma lile, lakini si ile niliyoitunga treni. Kuna kanuni hapa kwamba treni hizi zikichelewa robo saa au zaidi kwa kosa la wenyewe, abiria hudai arudishiwe nauli, akipeleka madai yake kabla ya kupita siku 28. Lakini hali ya hewa si kosa lao, na theluji ni hali ya hewa. Basi kwa kuchelewa hawakunipa kitu. Zile nauli mbili za juu walizirudisha, wakanitoza safari moja ya kawaida, nikaridhika. Kijana mmoja wa jamaa zetu, asomaye chuo kikuu, aliposikia alinicheka. "Maalim, wajisumbua bure. Wao wakichelewa, mimi hupita kilangoni nyuma ya mtu mwingine. Tumelipana." Nikamwambia kwamba nauli ni ujira wa mapatano, na masharti yake yamebandikwa ukutani kabla hujapanda, hukuyapenda, panda basi au andika barua. Hawezi mtu kuwa mdai, na kadhi, na karani wa kukusanya deni, yote peke yake kwa siri. Alinyamaza. Sijui kama alikubali.

Lakini maneno yale niliyomwambia yaligeuka yakanirudia nikiwa nimelala. Wazazi hunilipa ada kwa saa mbili za kila jioni. Jumatatu ile watoto walipata nusu saa. Nami sikuwa na theluji ya kujikinga nayo, maana theluji ilinizuia mimi, haikuuzuia ufunguo.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda na ufunguo wa pili, nikampa yule mama. Kisha nikawagawia wazazi ada ya jioni ile, kila mmoja katika bahasha. Wengi walikataa wakacheka, wakasema, "Maalim, mambo gani haya!" Mama yule hakucheka. Aliifungua bahasha, akahesabu, akasema, "Ahsante, maalim, imetimia," akaitia mkobani, kisha akapanda ngazi kwenda kuufungua mlango.