Kabla Tetesi Hazijawa Hesabu

Hadi katikati ya mwaka 2009, mashabiki wa kikapu wa Dar es Salaam walikuwa hodari wa kubishania kila kitu cha NBA isipokuwa biashara yake. Waliweza kukesha wakimpima Kobe Bryant kwa LeBron James, lakini nani anabadilishwa na nani, kwa mkataba wa kiasi gani, hayo waliwaachia Wamarekani wenyewe. Kisha usiku wa Juni 25 kwa saa za New York, Dar ikiwa tayari tarehe 26, Memphis Grizzlies ikamchagua Hasheem Thabeet wa pili katika drafti, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, nyuma ya Blake Griffin tu. Kijana wa Dar aliyepitia Makongo, akamalizia sekondari Houston na kuchezea Chuo Kikuu cha Connecticut, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Kuanzia siku hiyo biashara ile ikawa na mtoto wa nyumbani ndani yake.

Upanga, jirani na viwanja vya Don Bosco, kulikuwa na kijiwe cha kahawa ambacho jioni za Jumamosi kilijaa watu wa kikapu. Walikuwapo vijana wa klabu ya Savio waliotoka mazoezini wakiwa na raba begani, wapenzi wa Pazi wasiokubali kwamba kuna timu nyingine mjini, na mzee mmoja aliyecheza miaka ya sabini ambaye kila mtu alimwamkia kabla ya kukaa. Mkongo wa intaneti wa Seacom ulikuwa umefika Dar Julai 2009, ila intaneti ilikuwa bado haijaingia mifukoni mwa watu. Habari zilikuwa na mjumbe wake: mwanafunzi wa chuo aliyepita kwanza intaneti kafe, akafungua takwimu za Memphis, akazinakili katika daftari la hesabu, lile lenye vibokisi, na kuja nalo kijiweni.

Daftari hilo lilikuwa na safu tano zilizopigwa kwa rula: tarehe, dakika, pointi, ribaundi, bloku. Thabeet asipoingizwa uwanjani mstari uliachwa mtupu, na mistari mitupu ilikuwa mingi. Msimu wake wa kwanza alimaliza kwa wastani wa pointi 3.1 na ribaundi 3.6. Februari 2010 alipopelekwa Dakota Wizards ya ligi ya maendeleo, akiwa mchezaji aliyechaguliwa juu zaidi kuwahi kushushwa huko hadi wakati huo, mjumbe aliandika jina la timu hiyo kwa penseli. Alidhani atalifuta baada ya wiki.

Kijiwe kilikuwa na maelezo ya aina moja tu: kocha hampendi. Mpaka mmoja wao alipofuatilia nani anacheza nafasi ya kati pale Memphis, na maelezo hayo yakaanza kupwaya. Alikuwa Marc Gasol. Na Marc Gasol alifikaje? Februari 1, 2008 Memphis ilimpeleka kaka yake, Pau, kwa Los Angeles Lakers, ikapewa Kwame Brown, wachezaji wengine wawili, haki mbili za kuchagua raundi ya kwanza, pamoja na haki ya kumsajili mdogo mtu aliyekuwa bado Hispania. Marekani nzima iliicheka Memphis. Yule mdogo aliyeonekana kama nyongeza ya sokoni, ya kumfanya mteja aondoke ameridhika, ndiye aliyemfungia Thabeet njia, na mwaka 2013 alitajwa mlinzi bora wa ligi. Hapo ndipo baadhi ya watu wa Upanga walipong'amua kwamba orodha ya majina katika biashara hizi husomwa mpaka chini kabisa.

Mwezi uliowafunda hasa ulikuwa Februari 2011. Tetesi za Carmelo Anthony kuhamia New York zilikuwa zimesemwa kwa miezi hadi zikachosha. Zikatimia Februari 22. Kesho yake Deron Williams akatolewa Utah kwenda Nets bila hata fununu. Jina la Thabeet nalo likawa linatajwatajwa, na kijiwe kikagawanyika. Mzee alilichukulia kama suala la heshima: mtoto hajamaliza hata miaka miwili kazini, mnamtoaje? Vijana wa Savio waliomba atolewe upesi, popote pale, mradi apate dakika. Mpenzi mmoja wa Pazi akaapa kwamba timu haiwezi kumtupa mtu iliyemchagua wa pili, kwa sababu itakuwa inajitangazia aibu. Hoja yake ilikuwa nzuri, na ndiyo hasa inayozifanya timu nyingi zing'ang'anie makosa yao.

Siku ya mwisho ya kubadilishana ilikuwa Februari 24, na mlango ulifungwa saa tisa alasiri ya New York, yaani saa tano usiku ya Dar. Kafe zilikuwa zimefungwa zamani. Jibu lilikuja kwa ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa ndugu wa mmoja wao aliyekuwa akiishi Texas: Thabeet anakwenda Houston Rockets, anayekuja Memphis ni Shane Battier. Usiku uleule ikajulikana kwamba Memphis ilikuwa pia imepatana na Indiana kumtoa O.J. Mayo, lakini makaratasi hayakufika kwa wakati na mpango ukafa. Mayo akabaki. Kwa watu waliozoea kusikia pingamizi za usajili wa Ligi Kuu, hiyo ndiyo sehemu ya habari waliyoielewa bila kufafanuliwa.

Jumamosi iliyofuata palikuwa pamejaa kuliko kawaida. Shabiki mmoja wa Simba aliyefuata kahawa na kashata tu alisikiliza kidogo, kisha akauliza Houston imetoa shilingi ngapi.

"Haijatoa hela, kaka. Imetoa mtu."

Ikabidi aelezwe, na waliokuwa wakieleza wakagundua kwamba wao wenyewe walikuwa wanajifunza huku wanasema. Mwaka huohuo Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, na hakuna aliyehitaji darasa: klabu inalipa, mchezaji anakubali, anasaini mkataba mpya. NBA mkataba huhama pamoja na mwenyewe, na mwenyewe kwa kawaida haulizwi. Timu iliyovuka ukomo wa mishahara inapotoa mtu hulazimika kupokea mishahara inayokaribiana na ile iliyotoa, kwa hiyo pesa anayolipwa mchezaji inakuwa sehemu ya thamani yake sokoni, hata kama hachezi. Thabeet, kwa kuwa alichaguliwa wa pili, alikuwa akilipwa karibu dola milioni 5 kwa mwaka. Battier alilipwa zaidi ya milioni 7, lakini mkataba wake ulikuwa unaisha. Memphis ilitoa Thabeet, DeMarre Carroll na haki ya kuchagua raundi ya kwanza yenye masharti. Ikapokea Battier na Ish Smith.

Mzee alisikiliza orodha hiyo hadi mwisho, akaomba irudiwe. "Kwa hiyo wamemtoa, na juu yake wakaongeza kitu ili achukuliwe?" Hakujibiwa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kumjibu.

Miezi miwili baadaye Battier alipiga mtupo wa pointi tatu katika sekunde za mwisho, Memphis ikaishinda San Antonio Spurs 101 kwa 98, ushindi wake wa kwanza kabisa katika hatua ya mtoano. Ilikuwa timu ya nane dhidi ya timu ya kwanza upande wa Magharibi, na iliutwaa mfululizo ule kwa mechi nne kwa mbili. Upanga ulipokea matokeo hayo kwa moyo mzito, lakini ni vigumu kuilaumu Memphis kwa Februari. Kama kuna kosa, lilifanyika Juni 2009. Na hata hapo, wale wanaopenda kusema kwamba Thabeet alichaguliwa mbele ya Stephen Curry husahau kwamba Curry alikuwa wa saba: timu kadhaa zilimpita, Minnesota ikampita mara mbili mfululizo.

Mmoja wa waliochaguliwa na Minnesota usiku ule, Jonny Flynn wa sita, alikuja kuwekwa katika kifurushi kimoja na Thabeet. Machi 15, 2012 Houston iliwapeleka wote wawili Portland, pamoja na haki ya raundi ya pili, ikamchukua mkongwe Marcus Camby. Vijana wawili waliotajwa kabla ya Curry wakawa chenji ya mchezaji aliyekaribia miaka 38. Safari hii habari haikumngoja mjumbe. Simu za intaneti zilikuwa zimeanza kuenea, na waliofika kijiweni walikuwa wameshaisoma, kila mmoja na chanzo chake. Siku hiyohiyo Portland ilimfukuza kocha Nate McMillan na kumpeleka Gerald Wallace kwa Nets, ikapewa haki ya kuchagua ambayo miezi mitatu baadaye ilizaa Damian Lillard. Dar hakuna aliyeitilia maanani. Wote walikuwa wanaangalia jina moja.

Daftari lilibadilika katika kipindi hicho, na pengine ndilo linalosimulia vizuri kuliko kumbukumbu za wenyewe. Mjumbe alikuwa amehitimu na kupata kazi ya uhasibu. Kurasa za 2012 kwenda mbele hazina tena safu ya bloku wala ribaundi. Zina mshahara, miaka iliyobaki, masharti. Alianza na Thabeet, akaongeza Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi ambaye alipochaguliwa wa saba na Sacramento mwaka 2011 aliishia Charlotte kupitia makubaliano ya timu tatu yaliyofungwa siku hiyohiyo. Baadaye akaorodhesha timu nzima nzima. Watani wake wakamwita Waziri wa Fedha.

Agosti 2014 ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kijiwe kubishania uhamisho wa Thabeet, na bishano lenyewe lilikuwa dogo. Alikuwa na misimu miwili Oklahoma City, akimsaidia Kendrick Perkins, ambaye kwa bahati alifika huko kwa uhamisho wa siku ileile ya Februari 2011. Oklahoma City ilimpeleka Philadelphia pamoja na fedha taslimu, ikapata haki ya raundi ya pili yenye masharti mazito na nafasi ya kihasibu ya kumchukua mchezaji mwingine baadaye bila kurudisha mshahara. Philadelphia ilimwachia siku chache tu baadaye. Waziri wa Fedha aliieleza hatua hiyo kwa ustadi, akaonyesha kila upande ulivyofaidika. Alikuwa sahihi kwa kila tarakimu. Miaka mitatu na nusu nyuma, pale pale, watu walikuwa wakiuliza kijana atakula nini ugenini na atamzoea nani.

Baada ya hapo wakawa mashabiki wa biashara yenyewe, iwe kuna mtu wao ndani au hakuna. Kundi la WhatsApp likachukua nafasi ya Jumamosi, ingawa wengine walikutana bado, safari hii JK Youth Park pale Kidongo Chekundu, iliyofunguliwa mwaka 2015. Majina ya waandishi wawili, Adrian Wojnarowski na Shams Charania, yakawa yanatajwa zaidi kuliko ya makocha. Mtu akileta tetesi anaulizwa kwanza: kasema nani? Lillard alipoomba kuhama Portland Julai 2023, akitaka Miami na si kwingine, kundi lilitengeneza vifurushi vya Miami majira yote ya joto, kila kimoja kikiwa na mishahara iliyolingana hadi senti. Septemba 27 akapelekwa Milwaukee. Waliohangaika kupiga hesabu walikasirika zaidi ya Lillard mwenyewe.

Ndiyo maana Jumapili ya Februari 2, 2025 iliwaumbua wote kwa pamoja. Ilikuwa saa mbili na dakika chache asubuhi Dar, usiku wa manane New York, Charania alipoandika kwamba Luka Dončić anakwenda Lakers na Anthony Davis anakwenda Dallas. Hapakuwa na tetesi. Hapakuwa na kifurushi kilichopendekezwa na yeyote. Dončić alikuwa na miaka 25 na miezi michache nyuma alikuwa ameifikisha Dallas fainali. Wanakundi walifanya kilichofanywa na maelfu ya watu wengine: walisema akaunti ya Charania imedukuliwa. Ilibidi mwenyewe arudi kuandika kwamba ni kweli. Dallas nako, mashabiki walipeleka jeneza nje ya uwanja.

Mzee, ambaye sasa hujiunga kwa ujumbe wa sauti kwa kuwa kuandika kunamchosha macho, alituma swali moja: huyo mtoto aliulizwa? Hakuulizwa. Ujumbe wake ulipotea chini ya mafuriko ya hesabu. Dallas ilikuwa imekwepa kumpa mkataba wa miaka mitano wa takriban dola milioni 345, mkataba ambao kwa kuhamishwa tu Dončić alipoteza sifa ya kuupata. Waziri wa Fedha akasimama upande wa Nico Harrison, meneja wa Dallas, karibu peke yake. Akasema ulinzi hushinda mataji, akasema Davis ni bora kuliko watu wanavyokumbuka.

Davis aliumia katika mechi yake ya kwanza, baada ya pointi 26 na ribaundi 16. Machi, kano ya goti la Kyrie Irving ikakatika. Usiku wa kuamkia Aprili 10, waliokesha Dar walimwona Dončić akilia kwenye benchi la wageni wakati Dallas ikionyesha video ya kumuaga, kisha akafunga pointi 45. Novemba Harrison akafukuzwa kazi, na kundi zima likamdai Waziri wa Fedha tamko rasmi.

Hakulitoa. Alileta tarakimu nyingine: Agosti Dončić alikuwa amesaini Lakers miaka mitatu kwa dola milioni 165, akijiachia nafasi ya kutoka mwaka 2028, atakapokuwa ametimiza misimu kumi na kuruhusiwa kudai asilimia 35 ya ukomo wa mishahara. Kwa hiyo, alisema, ile milioni 345 haijapotea, imeahirishwa. Nusu ya kundi ilimkubalia. Nusu nyingine inataka kwanza aeleze ukomo wa mishahara utakuwa umefika wapi mwaka huo, na amepata wapi uhakika kwamba goti la mtu litangoja hadi 2028.