Laiti nisingelifua shati lile

Jumapili moja ya mwezi wa Juni mwaka 2025, tulikuwa tumeketi nyumbani kwa shangazi yangu mtaani Umoja, hapa Nairobi, tukinywa chai kwa mandazi. Habari zikaingia kwenye runinga. Zilihusu kifo cha Albert Ojwang, mwalimu kijana aliyefia mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi. Mwanzoni polisi walikuwa wamesema kwamba marehemu alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Lakini madaktari walioupasua mwili walikuta majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo na majeraha mengine mengi mwilini.

Shangazi aliweka kikombe chini. "Ukuta tena!" akasema, kisha akaingia chumbani. Aliporudi alikuwa amebeba shati la buluu, limekunjwa vizuri kana kwamba mwenyewe angelivaa kesho.

"La nani hilo, nyanya?" akauliza mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu. Shangazi hakujibu. Alinitazama mimi.

Msomaji, shati hilo lilikuwa la binamu yangu, makanga wa matatu. Mwaka 2006, nikiwa kidato cha pili, alikamatwa Ijumaa jioni akiwa mzima. Jumapili asubuhi tuliitwa kituoni, tukaambiwa kwamba alijigonga ukutani usiku. Wazee walitia sahihi karatasi ambazo hakuna aliyezisoma. Hatukuomba daktari wetu awepo. Alhamisi tukamzika.

Mochari walitukabidhi nguo zake katika mfuko wa karatasi. Kola ya shati ilikuwa imeganda damu, na mgongoni palikuwa na alama ya kiatu. Kwa kuogopa shangazi asije akaiona, nilijifungia bafuni nikalifua kwa sabuni ya mche hadi maji yakatoka meupe. Nilidhani ninamtendea wema.

"Sasa mjomba," mpwa wangu akauliza baada ya kusikia hayo, "mbona hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji?"

Kwa miaka mingi nami nilijiuliza swali hilo kwa hasira tu. Safari hii niliamua kuulizia kwa kalamu, maana kuuliza si ujinga.

Nilichojifunza kwanza ni kwamba sheria yetu haihesabu kila kifo kuwa mauaji ya kukusudia. Ili mtu atiwe hatiani kwa kosa hilo, sharti ithibitishwe kwamba alikuwa na dhamira ya kuua au ya kuumiza vibaya, ama alijua kwamba tendo lake huenda likaua na bado akalitenda. Pasipo dhamira hiyo, kosa huwa ni la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Mauaji ya kukusudia adhabu yake ni kifo, ingawa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017 jaji halazimiki kuitoa.

Kwa hivyo swali si tu kama askari alimpiga mtu akafa. Swali ni alijua nini alipoinua rungu. Naye askari hatatuambia alichokuwa akiwaza. Mawazo yake husomwa katika mwili wa marehemu: majeraha ni mangapi, yako wapi, yalipigwa kwa kitu gani. Husomwa pia katika kitabu cha matukio cha kituo, kwa mahabusu waliokuwa seli jirani, na kwa nguo.

Naam, kwa nguo. Hapo ndipo nilipolikumbuka beseni lile.

Jambo la pili ni nani anayeamua. Wakati wa msiba wetu polisi walijichunguza wenyewe, na wahenga walishatuonya kwamba kesi ya nyani humpelekei ngedere. Hata hivyo, sheria ilikwisha kumtaka hakimu achunguze kifo cha mtu aliyefia mikononi mwa polisi. Sisi hatukujua, na hakuna aliyetwambia. Baada ya Katiba ya 2010, sheria ya mwaka 2011 iliunda mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, IPOA. Mamlaka hiyo hukusanya ushahidi na kutoa mapendekezo, kisha faili hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Yeye ndiye huamua ni shtaka gani lifikishwe mahakamani, na Katiba inasema haamrishwi na mtu yeyote.

Uamuzi huo unaweza kubadili kila kitu. Mnamo Desemba 2013 mwanamume mmoja alipigwa katika kituo cha Ruaraka akafariki, na aliyeshtakiwa kwanza ni mahabusu mwenzake! Uchunguzi wa IPOA ulipofanywa, mambo yaligeuka. Mkuu wa kituo hicho ndiye aliyepatikana na hatia ya mauaji, na Februari 2019 akahukumiwa kifo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hiyo ilichukua miaka mitano.

Nyingine ilichukua zaidi. Mwingereza Alexander Monson, mwenye umri wa miaka 28, alifariki Mei 2012 baada ya kuzuiliwa katika kituo cha Diani. Polisi walidai ni dawa za kulevya. Hakimu alichunguza kifo hicho hadi 2018, maafisa wanne wakashtakiwa kwa mauaji, na Novemba 2021 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawapata na hatia ya kuua bila kukusudia. Kumbe shtaka zito laweza kupunguzwa na jaji, lakini asiyeshtakiwa kabisa hana la kupunguziwa.

Katika kisa cha Ojwang, kabla ya Juni kwisha, maafisa watatu wa polisi na raia watatu walishtakiwa kwa mauaji. Walikana. Ukweli ni wa mahakama kuamua, wala si wangu. Ninachokijua ni kwamba faili ile ilikuwa na ripoti ya madaktari. Yetu haikuwa na kitu.

Msiba huu ukibisha hodi kwako, msomaji, usiharakishe mazishi. Omba daktari wa familia awepo wakati wa upasuaji. Andika majina, saa na namba za kitabu cha matukio. Na nguo, tafadhali, usizifue. Ziache zikauke, uzitie katika mfuko wa karatasi na umkabidhi mchunguzi akiandika kwamba amezipokea.

Siku ile nilimkiri shangazi kwamba ni mimi niliyelifua shati. Alilipapasa kola.

"Nilijua, mwanangu," akasema. "Sabuni niliisikia harufu. Nilidhani nawe unajua unachofanya."

Kisha akamwambia mpwa wangu alete daftari. Kosa la mauaji halichachi kwa kupita miaka, na mali bila daftari hupotea bila habari. Akaanza kusimulia, tangu Ijumaa ile jioni, huku kijana akiandika.