Kosa Halikuwa la Mlango

Sajini mmoja mstaafu wa polisi, mkazi wa Jinja, alikuwa akirejea nyumbani kutoka Kampala siku ya mvua nyingi. Katika barabara ipitayo msitu wa Mabira, gari lake lilipokuwa likikata kona ya kulia, mlango wa kushoto ulifunguka ghafla. Upande huo aliketi mkewe, amempakata mjukuu wao wa miaka minne. Mama huyo alimkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akang'ang'ania kishikio kilicho mbele ya kiti, hata gari liliposimama kando ya barabara.

Mungu aliwanusuru. Lakini neno la kwanza lililomtoka sajini halikuwa la shukrani. Alisema kwa ukali, "Mara ngapi nimekuambia usiubamize mlango huu?" Mkewe hakujibu. Alimfunika mtoto kwa leso, akahamia naye kiti cha nyuma, na mlango ukafungwa kwa kamba mpaka Jinja.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle la mwaka 1968, alilorithi kwa baba yake. Ni gari la ukoo mashuhuri. Mwaka 1962 gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya East African Safari, na la mwisho kabisa lilitoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Magari hayo yalisifika kwa jinsi yalivyozuia hewa kupenya, hata mtu akashauriwa kuteremsha kioo kidogo ili mlango ufungike kwa urahisi. La sajini lilikuwa kinyume chake. Maji na vumbi viliingia yakipenda. Miaka miwili kabla ya siku ile, alipoona maji miguuni, alinunua mpira mnene akaubandika juu ya ule wa zamani. Tangu hapo mlango ukawa haufungiki ila kwa kupigwa kwa nguvu, naye akawa hachoki kuwakemea watu wa nyumbani mwake.

Kesho yake alilipeleka gari kwa fundi mmoja mzee. Fundi hakugusa mpira. Aliufungua mlango nusu, akauinua kwa ncha yake. Ukachezacheza kwenye bawaba, ishara kwamba pini zimelika. Kisha akautazama mwanya baina ya mlango na bodi: juu ulikuwa mpana, chini umebana. Mwishowe akapiga magoti, akachoma mhimili wa chini ya mlango kwa bisibisi. Bisibisi ikazama kama katika muhogo uliooza.

"Afande," alisema, "mlango huu ni shahidi tu. Mkosaji yuko huku chini."

Mhimili huo una uwazi ndani. Hupitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini iliyo nyuma, na papo hapo ndio ushikao bodi isipinde. Ukila kutu, bodi hulegea, nguzo ya bawaba huhama, na mlango hupoteza mahali pake. Kutu hiyo ilianza kwa jambo dogo. Maji ya mvua yapitayo kando ya kioo huteremka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vilivyo chini yake. Vitundu vya mlango ule vilizibwa na tope. Nailoni iliyowekwa nyuma ya ubao wa mlango ilikwisha chanika, basi maji yakamwagikia sakafuni, na zulia likakaa limelowa miezi mingi.

Kazi ilikwenda kwa utaratibu. Kwanza bodi ilikazwa kwa vyuma vya kuitegemeza, ndipo mhimili mpya ukachomelewa. Kisha pini za bawaba zilibadilishwa, skrubu zikalegezwa, na mlango ukasogezwa kidogo kidogo mpaka mwanya ukawa sawa pande zote. Halafu bamba la kitasa lilirekebishwa ili mlango usipande wala kushuka unapofungwa. Mpira, ambao sajini aliutanguliza, ulikuja mwisho kabisa, baada ya gundi yote ya zamani kukwanguliwa. Fundi aliujaribu kwa kipande cha karatasi: alikifungia mlangoni, akakivuta. Palipoteleza bila kukwama, alijua kwamba mpira haujagusa vyema, akapatengeneza. Alimwonya sajini asipake grisi wala mafuta ya injini kwenye mpira, maana huuharibu. Tena avizibue vitundu vile kwa kijiti kabla ya kila masika.

Mwenye gari la zamani na aukumbuke mpango huo: bodi, bawaba, kitasa, kisha mpira. Anayeanzia mwisho huongeza gharama, na pengine huhatarisha maisha ya watu wake.

Jioni ile sajini aliliegesha gari uani, akamwita mkewe aujaribu mlango. Mama alisogea kwa kusitasita, kama mtu aliyezoea kukaripiwa, akausukuma kwa vidole viwili. Ulikwenda ukasita padogo, hewa ikauzuia. Sajini akateremsha kioo kidogo, na mlango ukaingia mahali pake kwa sauti ndogo tu.

"Mama," alisema, "miaka miwili nimekusingizia."

"Miwili na miezi mitatu," mkewe akajibu, akamwita mjukuu aje apande.